Konokono katika Chupa: Sheria Ilipomtafuta Jirani

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwalimu wa darasa asimame kidogo kila penye swali, wanafunzi wapate nafasi ya kujibu.

Namwomba mwalimu aandike ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: UZEMBE, MADHARA, FIDIA. Yasomeni pamoja mara mbili. Maneno haya tutayahitaji mpaka mwisho wa somo.

Kwetu kuna msemo ambao husikika mara mtu anapoumia: ajali haina kinga. Husemwa kwa nia njema, kumfariji mgonjwa na kuzima ugomvi. Lakini umewanyamazisha watu wengi waliokuwa na haki. Basi limepinduka, breki zake zilikuwa mbovu tangu wiki iliyopita, na mwenye basi alijua. Twasema ajali haina kinga. Mtoto ameanguka katika shimo lililochimbwa njiani likaachwa wazi usiku kucha. Twasema vivyo hivyo. Je, ajali hizi kweli hazikuwa na kinga? Kinga ya ile ya kwanza ilikuwa kutengeneza breki, na kinga ya hii ya pili ilikuwa mbao mbili na taa ya chemli.

Leo nataka niwaeleze historia ya sheria inayouliza swali hilo. Kwanza, hata hivyo, tutenganishe mambo mawili, maana hapa wengi huchanganya. Dereva akimgonga mtu kwa kuendesha ovyo, polisi humshitaki. Hiyo ni kesi ya jinai. Mwenye kushitaki ni serikali, na dereva akitozwa faini, fedha zile huingia katika hazina ya serikali. Mtu aliyevunjika mguu aweza kukaa mahakamani tangu asubuhi, akasikia dereva ametozwa faini, akarudi nyumbani na gongo lake bila hata senti moja, akidhani kesi yake imekwisha. Haijaanza. Kesi yake yeye ni ya madai. Yeye mwenyewe ndiye mdai, na anachodai ni fidia, yaani malipo ya kumrudishia, kadiri fedha ziwezavyo kurudisha, kile alichopoteza: gharama za matibabu, mshahara wa miezi aliyolala kitandani, hata na maumivu yenyewe. Sheria ya madai ya namna hii twaweza kuiita sheria ya madhara.

Kulipana fidia si jambo geni kwetu. Ng'ombe wa mtu akiingia katika shamba la mwenzake akala mahindi, wazee hawakungoja kitabu kutoka Ulaya ndipo wajue nani alipe. Lakini kanuni ambazo mahakama za Kenya na Tanzania hutumia juu ya uzembe zilitoka Uingereza, nazo zilikuja pamoja na ukoloni. Wakoloni walizileta sheria zao, hata zile ambazo hazikutungwa na bunge bali zilijengwa na hukumu za majaji, moja juu ya nyingine, kama matofali. Katika Kenya zilichukuliwa kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na katika Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa hiyo tukitaka kujua asili yake hapana budi tuifuate huko ilikotoka.

Tuanze na rundo la nyasi. Katika jimbo la Shropshire, Uingereza, alikuwako bwana mmoja jina lake Menlove. Alirundika nyasi za mifugo karibu na mpaka wa shamba lake, na ng'ambo ya mpaka zilikuwako nyumba mbili za jirani yake, Bwana Vaughan. Nyasi zikirundikwa kabla hazijakauka vizuri hupata joto zenyewe ndani kwa ndani, na mwisho huweza kuwaka pasipo mtu kuzitia kiberiti. Wakulima wa huko walilijua jambo hilo, wakamwonya Menlove kwa muda wa wiki tano. Yeye akajibu kwamba atabahatisha. Baadaye akatoboa njia ya kupitishia hewa katikati ya rundo, akaona yatosha. Rundo likawaka, moto ukateketeza mabanda yake mwenyewe, kisha ukavuka mpaka ukazila nyumba za Vaughan.

Kesi ilisikilizwa, na mwaka 1837 majaji wakatoa uamuzi. Wakili wa Menlove alileta hoja ya ajabu kidogo. Alisema kwamba mteja wake alitenda kwa kadiri ya akili zake. Na ikiwa hakujaliwa akili nyingi, hilo ni bahati yake mbaya, si kosa lake. Sidhani kama Menlove alifurahi kuisikia hoja hiyo mbele za watu! Majaji waliikataa. Walisema kwamba akili za watu hazilingani, kama vile urefu wa nyayo zao usivyolingana, na sheria haiwezi kumpimia kila mtu kwa kipimo chake mwenyewe. Kipimo ni uangalifu wa mtu mwenye busara ya kawaida.

Kipimo hicho kingalipo mpaka leo, nami nakiona ni cha haki, kwa sababu hakimtaki mtu awe malaika. Sheria haimtaki dereva awe dereva bora kuliko wote wa Mombasa au Mwanza. Yamtaka aendeshe kama dereva wa kawaida aliye mwangalifu. Wala haimkubalii aseme, "Mimi bado najifunza," au "Mimi sikuwaza." Na mwenye kazi ya ufundi hupimwa kwa ufundi huo: daktari hupimwa kwa uangalifu wa daktari, si kwa uangalifu wa mtu wa sokoni.

Basi kipimo kilikuwako. Lakini bado palikuwa na ukuta, na ukuta huu ndio kiini cha somo letu. Miaka mitano tu baada ya Menlove, yaani mwaka 1842, alikuja mahakamani mtu aitwaye Winterbottom. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la farasi lililochukua barua. Mtu mwingine, Wright, alikuwa amepatana na mkuu wa posta kwamba ataliweka gari lile katika hali njema. Siku moja gari lilivunjika njiani, Winterbottom akatupwa chini, akawa kilema. Akamdai Wright. Majaji wakamwuliza: je, Wright alipatana nawe? Hapana, alipatana na posta. Basi huna haki juu yake. Jaji mkubwa, Lord Abinger, aliogopa kwamba wakimfungulia huyu mlango, kesho atakuja kila abiria, na kila mpita njia aliyeumizwa na gari lililopinduka, na kesi hazitakuwa na mwisho.

Mwalimu hapa asimame. Darasa lijibu: je, Winterbottom alitendewa haki? Alikuwa na njia gani ya kujua kwamba gari ni bovu? Nani aliyekuwa na kazi ya kujua?

Maana ya hukumu ile ilikuwa kwamba ukidhuriwa na kitu kibovu, huwezi kumdai aliyekitengeneza isipokuwa una mkataba naye. Mkataba, tukumbuke, si lazima uandikwe. Ukinunua kibiriti dukani, wewe na mwenye duka mmekwisha fanya mkataba. Lakini yule aliyekitengeneza kibiriti kiwandani hukumjua, wala yeye hakukujua. Majaji waliongeza milango midogo katika ukuta ule, kama vile kwa vitu vya hatari kwa asili yake, mfano wa sumu na bunduki, lakini ukuta wenyewe ulisimama. Marekani walitangulia kuubomoa: mwaka 1916, katika jimbo la New York, mahakama ya Jaji Cardozo ilimpa haki mtu aliyeumizwa na motokaa ambayo gurudumu lake la mti lilivunjika, ingawa gari alilinunua kwa mwenye duka wala si kwa kiwanda. Uingereza bado.

Sasa twende Uskoti, katika mji wa Paisley ulio karibu na Glasgow. Ni Jumapili jioni, tarehe 26 Agosti 1928. Bibi May Donoghue, mfanyakazi wa duka mwenye umri wa miaka 30, alipanda tramu kutoka Glasgow akaenda kukutana na rafiki yake katika mkahawa ulioitwa Wellmeadow. Maisha yake hayakuwa mepesi. Alikuwa ametengana na mumewe, na katika watoto wanne aliowazaa, watatu walikufa wachanga.

Rafiki yake ndiye aliyeagiza vinywaji, na ndiye aliyelipa. Lishikeni jambo hilo. Mwenye mkahawa akaleta aiskrimu katika bilauri, akaimiminia soda ya tangawizi kutoka katika chupa ya rangi ya kahawia iliyokoza, isiyoonyesha kilichomo ndani. Bibi Donoghue akanywa. Kisha rafiki yake akaimimina ile soda iliyobaki, na pamoja nayo, kwa maelezo ya Bibi Donoghue, akatoka konokono aliyeoza. Kichefuchefu kilimshika. Baadaye tumbo likamsokota, akaenda kwa daktari, na katikati ya Septemba akatibiwa katika hospitali kubwa ya Glasgow.

Sasa fikirini, amdai nani? Amdai mwenye mkahawa? Yeye hakununua kitu kwake. Aliyenunua ni rafiki. Tena mwenye mkahawa aliipokea chupa ikiwa imefungwa, na kwa rangi yake hakuweza kuona ndani. Rafiki alikuwa na mkataba, lakini rafiki hakuugua. Alibaki mtu mmoja tu: Bwana David Stevenson wa Paisley, ambaye jina lake lilikuwa juu ya chupa, mwenye kiwanda cha soda. Madai ya Bibi Donoghue yalikuwa kwamba chupa za kiwandani ziliachwa mahali ambapo konokono waliweza kuingia, na kwamba njia zao za utelezi zilionekana pale mara kwa mara. Lakini kati yake na Stevenson ulisimama ukuta ule wa mwaka 1842.

Wakili wake aliitwa Walter Leechman. Huyu alikuwa ametoka kushindwa. Alikuwa akiwatetea watu wengine waliokuta panya waliokufa katika chupa za soda ya tangawizi, na mwezi wa Machi 1929 majaji wa Edinburgh waliwaambia wateja wake kwamba hawana haki juu ya mtengenezaji. Mtu mwingine angefunga jalada akatafuta kesi za mashamba. Leechman, kabla ya wiki tatu kwisha, tarehe 9 Aprili 1929, alifungua daawa ya konokono katika mahakama zile zile. Alidai paundi 500.

Jaji wa kwanza, mwezi wa Juni 1930, alikubali kwamba kama maelezo yatathibitishwa, mdai ana haki. Stevenson akakata rufani, na mwezi wa Novemba majaji watatu kati ya wanne wakaipindua hukumu. Sasa ilibaki ngazi moja tu, Baraza la Malodi, London, ambalo siku zile ndilo lililokuwa mahakama ya juu kwa rufani za namna hii. Lakini rufani ya London ilitaka fedha, na ukishindwa walipa gharama za mwenzio pia. Bibi Donoghue aliomba ruhusa ya kuingia kama maskini. Aliapa kwamba ukiondoa nguo zake na kesi yenyewe, mali yake yote duniani haifiki paundi 5. Mchungaji na wazee wa kanisa wakashuhudia kwamba ni kweli. Mwezi wa Machi 1931 alikubaliwa.

Nataka tulitazame jambo hili vizuri kabla ya kuendelea. Wenye magari na wenye viwanda waliokuwa na fedha za kesi walikuwa wengi, lakini ukuta ule uliangushwa na mwanamke ambaye hakuwa na paundi tano. Hakuufikia peke yake: alikuwa na wakili mkaidi, na palikuwa na kanuni iliyomruhusu maskini kuingia bila kuweka amana ya gharama. Pasipo kanuni hiyo, haki yake ingekufa Edinburgh, na pengine nasi tungekuwa tunasoma habari nyingine leo.

Malodi watano waliisikiliza rufani siku mbili, tarehe 10 na 11 Desemba 1931, na hukumu ikasomwa tarehe 26 Mei 1932. Wawili walimkataa. Lord Buckmaster alisema maneno yanayofanana na yale ya mwaka 1842: kwamba kama mtengenezaji atawajibika kwa kila mtu atakayekigusa kitu chake, hapatakuwa na mahali pa kusimama. Watatu walimkubali. Kati yao ni Lord Atkin, ambaye hukumu yake ndiyo inayotajwa mpaka leo katika nchi nyingi.

Lord Atkin alikwenda kulitafuta neno lake mahali ambapo wengi wenu mnapajua. Katika Injili yumo mwanasheria mmoja aliyeuliza jirani yake ni nani, akajibiwa kwa hadithi ya Msamaria. Atkin alisema kwamba amri ya kumpenda jirani, ikiingia katika sheria, huwa ni amri ya kutomdhuru jirani. Na lile swali la yule mwanasheria, sheria hulijibu kwa kulibana. Jirani yangu kisheria ni mtu ambaye tendo langu laweza kumgusa kwa karibu sana, hata yanipasa nimfikirie ninapolitenda, au ninapoacha kulitenda.

Kwetu neno jirani lina maana tunayoijua tangu utoto. Ni mtu wa nyumba ya pili, unayemwomba moto na chumvi, ambaye akipatwa na msiba huhitaji kualikwa. Lord Atkin hakumaanisha huyo peke yake. Stevenson hakumjua Bibi Donoghue wala hakupata kumwona. Lakini aliifunga soda katika chupa asiyoweza mtu kuichungulia, akijua kwamba itafika mdomoni mwa mtu kama ilivyotoka kiwandani. Mtu huyo, yeyote awaye, alikuwa jirani yake. Mwenye basi ana jirani katika kila kiti. Mchimba shimo ana jirani katika kila mtu apitaye njia ile usiku. Mwuza dawa ya kunyunyizia kahawa ana jirani katika mkulima ambaye hatamwona maishani.

Je, mpaka uko wapi? Maana Lord Buckmaster hakuwa mjinga, na woga wake ulikuwa na sababu. Jibu moja lilikuja miaka kumi baadaye, tena katika kesi ya Uskoti. Mwaka 1938, katika mji wa Edinburgh, mama mmoja mwuza samaki, mja mzito wa miezi minane, alikuwa akiteremka kutoka katika tramu na kapu lake. Upande wa pili wa tramu mwendesha pikipiki aliyekwenda mbio aligongana na motokaa, akafa. Yule mama hakuguswa wala hakuiona ajali yenyewe. Alisikia kishindo, na baadaye akaiona damu barabarani. Alipata mshtuko mkubwa, na mtoto akazaliwa amekufa. Alidai fidia katika mali ya marehemu. Mwaka 1942 Malodi walimkatalia. Walisema mwendesha pikipiki alikuwa mzembe kwa yule aliyegongana naye, lakini hakuweza kutazamia kwamba mtu aliyesimama mbali, nyuma ya tramu, angedhurika kwa kusikia tu. Huyo hakuwa jirani yake. Nakiri kwamba hukumu hii yanisumbua kila ninapoisoma, na tangu siku zile majaji wamelegeza kidogo habari ya mshtuko. Lakini yaonyesha kwamba uzembe peke yake hautoshi. Mdai aonyeshe kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu kwake yeye, kwamba wajibu ule ulivunjwa, na kwamba kuvunjwa kwake ndiko kulikomletea madhara. Dereva mlevi aliyefika nyumbani bila kumgusa mtu amevunja sheria ya jinai, lakini hana wa kumlipa fidia.

Limebaki jambo la mdai ambaye mwenyewe naye alizembea. Zamani sheria ilikuwa kali mno. Mwaka 1809 mtu mmoja wa Derby alipanda farasi jioni, akaenda mbio mjini, akajikwaa juu ya mti ambao mwenye nyumba aliuweka kando ya njia wakati wa kutengeneza nyumba yake. Aliumia, akadai, akanyimwa yote, kwa sababu angekwenda polepole angeuona. Baadaye majaji walitafuta njia ya kulainisha. Mwaka 1842 ilikuja kesi ya punda aliyefungwa miguu ya mbele akaachwa ale majani kando ya barabara kuu. Gari la farasi watatu likaja kwa kasi likamwua. Kumwacha punda vile lilikuwa kosa, lakini dereva alikuwa na nafasi ya mwisho ya kumkwepa, naye hakuitumia. Mwenye punda akashinda. Kwa muda wa miaka mia sheria ikawa hivyo, yote au hapana, mpaka mwaka 1945 Bunge la Uingereza liliporuhusu majaji kugawanya lawama. Kenya na Tanganyika zilifuata katika miaka ya 1950. Kwa hiyo leo jaji aweza kusema: dereva ana makosa sehemu tatu, nawe uliyevuka bila kutazama una sehemu moja, fidia yako itapunguzwa kwa robo. Msikubali, basi, mtu awaambie kwamba kwa kuwa nanyi mlikosea kidogo hamna haki yoyote.

Turudi kwa Bibi Donoghue. Malodi hawakusema kwamba konokono alikuwamo. Walisema tu kwamba ikiwa maelezo yake ni ya kweli, sheria iko upande wake, na wakairudisha kesi Edinburgh ili ushahidi usikilizwe. Ushahidi haukusikilizwa kamwe. Stevenson alikufa Novemba 1932, na waliosimamia mali yake wakapatana na mdai nje ya mahakama kwa fedha zisizofika nusu ya zile paundi 500. Kwa hiyo hakuna mahakama iliyopata kuthibitisha kama konokono alikuwako. Hata jina la yule rafiki aliyelipa halikuandikwa katika kesi. Bibi Donoghue alifariki mwaka 1958, na hukumu yenye jina lake ilikuwa imekwisha kuvuka bahari.

Ilifika kwetu pia, ingawa ilitolewa baada ya zile tarehe za 1897 na 1920 nilizozitaja. Majaji wetu waliipokea, na mawakili wa Nairobi na Dar es Salaam bado huitaja. Lakini kuna mambo ambayo ni lazima tuyaseme wazi, maana haki isiyodaiwa hulala. Katika Kenya na katika Tanzania, daawa ya madhara kwa kawaida hufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita tangu siku ya madhara. Na katika Kenya, ikiwa mdaiwa ni serikali, muda ni miezi 12 tu. Watu wengi hufika kwa wakili katika mwaka wa tano, wakiwa na vidonda vilivyopona na barua zilizochanika, wakaambiwa mlango umefungwa.

Kadhalika, dereva akiwa kazini mwa mtu, anayedaiwa si dereva peke yake. Tajiri wake naye huwajibika kwa uzembe uliofanywa katika kazi ile, na sheria ya nchi zote mbili yamlazimu mwenye gari kulikatia bima kwa ajili ya watu wengine watakaodhurika. Msimwachie huru tajiri kwa sababu dereva ni maskini. Na mtu akiumia, ndugu zake waandike namba ya gari, majina ya waliokuwapo, mahali na saa, siku ile ile. Polisi hutoa fomu ya mgonjwa kupeleka hospitali, ambayo Tanzania huitwa PF3 na Kenya P3. Ichukueni, na kila karatasi ya hospitali ihifadhiwe mahali pasipofika mvua wala mchwa. Sasa mnajua kusoma. Someni kilichoandikwa kabla hamjatia sahihi karatasi ya mtu wa bima, kwa sababu aghalabu karatasi ile husema kwamba mmepokea malipo yote na hamtadai tena.

Wakati wetu unakwisha. Nawaachia kesi moja mwijadili, mwalimu awe jaji. Fundi wa baiskeli ametengeneza breki ya baiskeli ya mteja, akasahau kukaza nati. Mteja amelipa, akaenda nayo nyumbani, akamwazima mdogo wake aende sokoni. Mteremkoni breki imefyatuka, kijana amemgonga mama aliyekuwa akiuza maembe, na mama huyo alikuwa ametandika gunia lake ndani ya barabara yenyewe, ingawa kando palikuwa na nafasi. Mama amevunjika mkono, maembe yote yamepondeka. Fundi asema, "Mimi simjui mama huyu, wala hakunilipa hata senti." Mama adai fidia yote. Andikeni majibu yenu katika madaftari: nani alikuwa jirani ya nani, nani alizembea, na mkono ule na maembe yale yalipwe kwa kiasi gani na nani.

Kwaherini mpaka wiki ijayo, saa hii hii.